Gemu za Wingu: Kabla Hujalipia, Jua Unanunua Nini

Huenda umekutana na tangazo la aina hii ukiperuzi simu yako: cheza gemu kubwa kubwa, zile za PlayStation na Xbox, bila kununua mashine. Simu uliyo nayo inatosha. Unalipa kiasi kidogo kila mwezi, unabonyeza, unacheza.

Ukiangalia bei ya mashine yenyewe, tangazo hilo linavutia kweli. PlayStation 5 ilipotoka Novemba 2020, toleo lake lenye sehemu ya diski liliuzwa dola 499 huko Marekani. Hapo bado hujahesabu usafiri, ushuru na faida ya muuzaji wa hapa kwetu. Kulipa dola 10 hivi kwa mwezi ni jambo jingine kabisa.

Lakini huduma hizi si ngeni. Zimekuwepo kwa zaidi ya miaka 10, kampuni tajiri sana duniani zimezijaribu, na baadhi zimezifunga. Hadi leo, hata watu wanaoifahamu vizuri biashara ya gemu wanauliza kama zitawahi kusimama zenyewe. Katika makala hii tunaeleza shaka hizo zinatoka wapi, na zinahusu vipi pesa iliyo kwenye simu yako. Hatukwambii usilipe. Tunataka ukilipa, uwe unajua unacholipia.

Gemu ya wingu ni nini hasa?

Kwa kawaida, gemu inaendeshwa na kifaa kilicho mbele yako. Simu, kompyuta au PlayStation ndiyo inayofanya hesabu zote na kuchora kila picha unayoiona. Ndiyo maana gemu nzito inahitaji mashine ya bei.

Kwenye gemu ya wingu, kazi hiyo inafanywa na kompyuta yenye nguvu iliyo mbali, yaani seva. Seva inachora picha na kukutumia kama video. Ukibonyeza kitufe, amri yako inasafiri hadi kwenye seva, picha mpya inachorwa, kisha inarudi kwako. Simu yako inabaki kuwa dirisha tu.

Usichanganye huduma hii na Free Fire, PUBG Mobile au eFootball. Hizo unazipakua, na picha zinachorwa na simu yako mwenyewe. Kinachopita kwenye intaneti ni habari ndogo ndogo: mchezaji yuko wapi, amepiga risasi, mpira umeenda kushoto. Ndiyo sababu unaweza kucheza saa nzima na ukatumia makumi ya megabaiti tu. Gemu ya wingu inakutumia video nzima, sekunde baada ya sekunde.

Ukitaka mfano wa karibu, fikiria kibanda cha PS mtaani. Mashine si yako. Unalipia mechi, unacheza, ukimaliza unamwachia mwingine kiti. Gemu ya wingu ni kibanda hicho hicho, ila mashine imewekwa maelfu ya kilomita kutoka hapo ulipo na waya wa kidhibiti umevutwa hadi huko. Shida nyingi tutakazozitaja zinatokana na urefu wa huo waya.

Shaka ya kwanza: umbali haununuliki

Watu wengi husema, kama filamu na muziki vimefaulu kwenye intaneti, kwa nini gemu ishindwe? Ni swali zuri, na jibu lake liko kwenye kitufe.

Ukitazama filamu, simu yako inapakua sehemu za mbele kabla hujazifikia. Mtandao ukiyumba kwa sekunde chache, hutajua, kwa sababu akiba ipo. Gemu haiwezi kuweka akiba ya namna hiyo. Seva haijui kama utaruka, utapiga au utakimbia mpaka ubonyeze. Picha inayofuata haipo bado, inasubiri kidole chako.

Sasa tupige hesabu. Gemu nyingi za kisasa huonyesha picha 60 kwa sekunde, yaani picha moja kila baada ya milisekunde 17 hivi. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200 kwa kila milisekunde. Kutoka Nairobi hadi Johannesburg ni kama kilomita 2,900 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi, hiyo ni milisekunde 29 hata kabla seva haijafanya kazi yoyote. Kutoka Nairobi hadi London ni kama kilomita 6,800, kwa hivyo kwenda na kurudi ni milisekunde 68.

Na hapo tumeipendelea huduma. Nyaya haziendi kwa mstari ulionyooka. Zinateremka Mombasa, zinaingia baharini, zinapita vituo kadhaa. Ongeza muda wa seva kuchora picha, kuigeuza kuwa video, simu yako kuifungua, na WiFi ya nyumbani ambayo majirani nao wanaigombania hewa. Hakuna kampuni inayoweza kulipa pesa ili mwanga uongeze mwendo.

Je, milisekunde hizo zina maana? Inategemea unacheza nini. Ukicheza chesi, karata au gemu ya kujenga mji, hutahisi kitu. Kwenye mpira, mbio za magari au kurushiana risasi, utahisi. Ukituma pesa na ujumbe wa kuthibitisha uchelewe sekunde tano, hakuna kilichoharibika. Kipa wako akichelewa robo sekunde, hilo ni bao.

Dawa ipo: kuleta seva karibu na wachezaji. Lakini kampuni hupeleka seva kwanza mahali penye walipaji wengi. Google ilipozindua huduma yake ya Stadia Novemba 2019, ilianza na nchi 14 za Amerika Kaskazini na Ulaya. Haikuwahi kufunguliwa rasmi katika nchi yoyote ya Afrika.

Kuna jambo jingine la kukumbuka kuhusu huo waya mrefu. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini zinazohudumia Afrika Mashariki, EASSy na Seacom, zilikatika. Intaneti ikazorota Kenya na nchi jirani. Siku kama hiyo, gemu iliyo ndani ya simu yako bado inafunguka. Hata pesa za simu kwa njia ya USSD hazitegemei bando lako la data. Gemu ya wingu inayotoka ng'ambo ndiyo ya kwanza kukwama.

Shaka ya pili: bando

Hapa ndipo mtumiaji wa kawaida wa Kenya anapoumia, na ni sehemu ambayo matangazo hayaizungumzii sana.

Google ilipendekeza kwa wateja wa Stadia intaneti ya angalau megabiti 10 kwa sekunde kwa picha ya kiwango cha 720p, na megabiti 35 kwa sekunde kwa picha kali kabisa ya 4K. Hebu tuchukue hiyo ya chini. Megabiti 10 ni megabaiti 1.25. Zidisha kwa sekunde 3,600 zilizo kwenye saa moja, unapata megabaiti 4,500. Hiyo ni GB 4.5 kwa saa moja ya kucheza, kwa picha ambayo si kali sana.

Kila mtu ananunua bando kwa bei yake, kwa hivyo weka bei yako mwenyewe kwenye hesabu hii. Tuseme GB moja inakugharimu shilingi 50:

- Saa moja ya kucheza: GB 4.5, yaani shilingi 225.
- Saa moja kila siku kwa siku 30: GB 135, yaani shilingi 6,750.
- Ada ya huduma ya dola 10, tukitumia kiwango cha shilingi 129 kwa dola: shilingi 1,290.

Umeona? Kile kinachotangazwa kama bei ndicho kidogo. Data peke yake inaweza kuwa zaidi ya mara tano ya ada ya mwezi. Kwa hesabu hiyo, ukicheza mwaka mzima kwa bando la simu, ungekuwa umeshapata pesa ya kununua mashine na ukabaki nayo nyumbani.

Ukiwa na WiFi ya nyumbani unayolipia kiasi kimoja kila mwezi, hesabu inabadilika sana. Hata hivyo, soma masharti ya kifurushi chako. Baadhi ya vifurushi vinavyoitwa vya bila kikomo hupunguza kasi ukishavuka kiwango fulani cha matumizi, na kasi ikipungua, gemu ya wingu ndiyo itakayolalamika kwanza.

Shaka ya tatu: hesabu za kampuni yenyewe

Mbona hili likuhusu wewe mteja? Kwa sababu huduma isiyojilipa hufungwa, na ikifungwa wewe ndiye unayebaki na risiti.

Filamu hutengenezwa mara moja. Nakala moja huwekwa kwenye seva na watu maelfu wanaitazama. Gemu haiko hivyo. Kila mchezaji anahitaji kipande chake cha kompyuta yenye nguvu kwa muda wote anaocheza, kwa sababu gemu yake si sawa na ya mwingine. Wachezaji 10,000 wakiingia pamoja, kampuni inahitaji nguvu ya kuwahudumia wote 10,000 papo hapo.

Tena watu hupenda kucheza saa zile zile: jioni, baada ya kazi na shule. Kampuni inalazimika kununua mashine za kutosha saa mbili usiku, halafu nyingi zinakaa bure saa tisa usiku. Na kwa sababu ya ule umbali tuliotaja, haiwezi kuwapeleka wachezaji wa Nairobi wa jioni kwenye mashine zilizotulia California ambako ni asubuhi. Shaka ya kwanza inazaa ya tatu.

Juu ya hayo, gemu zenyewe zina wenyewe. Huduma ya wingu inahitaji ruhusa ya kampuni zilizozitengeneza, na ruhusa hutolewa na huondolewa. Februari 2020, siku chache baada ya Nvidia kufungua huduma yake ya GeForce NOW kwa umma, gemu za Activision Blizzard ziliondolewa humo. Kuna waliozinunua gemu hizo kwa pesa zao kwenye maduka mengine, lakini hawakuweza tena kuzicheza kwa njia hiyo.

Historia inasema nini?

OnLive ilifungua milango Marekani Juni 2010. Ilikuwa kati ya huduma za mwanzo kabisa za aina hii kwa umma. Agosti 2012 ikawaachisha kazi wafanyakazi wake na mali yake ikahamishiwa kampuni mpya. Aprili 2015 Sony ilinunua hataza zake, na tarehe 30 mwezi huo huduma ikazimwa.

Mfano unaozungumziwa zaidi ni Stadia. Hapa hakukuwa na uhaba wa pesa wala wataalamu. Google ilikuwa na vituo vya data dunia nzima, na katika nyumba zenye intaneti nzuri, teknolojia ilifanya kazi. Tatizo lilikuwa jinsi ilivyouzwa. Ulikuwa unanunua gemu kwa bei kamili, mara nyingi sawa na ya dukani, lakini gemu hiyo ilichezeka ndani ya Stadia tu. Huna diski, huna faili, huna cha kumuuzia rafiki ukiichoka. Wachezaji wengi waliuliza swali moja: Google ikifunga, nitabaki na nini?

Februari 2021 kampuni ikafunga studio zake za kutengeneza gemu. Tarehe 29 Septemba 2022 ikatangaza kwamba huduma yenyewe inafungwa kwa sababu haikupata watumiaji wa kutosha. Tarehe 18 Januari 2023 taa zikazimwa.

Kwa haki, Google iliwarudishia wateja pesa za vifaa walivyonunua kwenye duka lake, na pesa za gemu na nyongeza walizonunua ndani ya Stadia. Ada za kila mwezi hazikurudishwa. Lakini kurejeshewa vile ulikuwa uamuzi wa kampuni yenye mfuko mkubwa. Kampuni ndogo ikifilisika, huenda hakuna hata wa kumpigia simu.

Basi haziwezi kufaulu?

Hatungesema hivyo. Sony iliinunua kampuni ya gemu za wingu ya Gaikai mwaka 2012 kwa dola milioni 380, na leo wanaolipia kiwango cha juu cha PlayStation Plus katika nchi kadhaa wanaweza kucheza kwa wingu. Microsoft iliweka gemu za wingu ndani ya Xbox Game Pass Ultimate Septemba 2020. Nvidia inaendelea na GeForce NOW. Na Aprili 2023, mamlaka ya ushindani ya Uingereza iliizuia Microsoft kuinunua Activision Blizzard kwa sababu ya hofu kwamba ingelitawala soko la gemu za wingu. Ununuzi ulikamilika Oktoba mwaka huo, baada ya haki za wingu za gemu hizo katika nchi nyingi kukubaliwa kwenda kwa Ubisoft. Mamlaka haiwezi kuhangaika hivyo kwa kitu inachoona hakina kesho.

Ukiangalia zilizobaki hai, utaona jambo moja. Kwao wingu ni nyongeza, si duka zima. Kwa Sony na Microsoft, mteja tayari ana mashine au anakodi gemu nyingi kwa ada moja, na wingu linamsaidia kujaribu gemu kabla ya kuipakua au kucheza akiwa safarini. Kwa Nvidia, gemu unazinunua kwenye maduka mengine na zinabaki humo hata ukiacha kulipia wingu. Zile zilizotaka wingu liwe kila kitu ndizo zilizopata shida.

Hilo linatupa kanuni rahisi kwa upande wa mlipaji: kukodi kwa wingu ni sawa, kununua ndani ya wingu ni hatari. Ukilipa ada ya mwezi na huduma ikafungwa, umepoteza mwezi mmoja. Ukinunua gemu 20 zinazochezeka humo tu, zitaondoka zote siku moja.

Kabla hujabonyeza "Lipa"

Haya ndiyo tunayowashauri wateja wetu wanaotaka kujaribu:

1. Hakikisha huduma inapatikana Kenya rasmi. Ukilazimika kudanganya uko nchi gani ili ujisajili, akaunti inaweza kufungwa na pesa yako isirudi. Pia seva ziko mbali, kwa hivyo gemu itasumbua.

2. Jaribu kwanza, jioni. Ikiwa kuna kipindi cha bure, kitumie saa ambazo kwa kawaida unacheza. Intaneti ya saa nne asubuhi si ile ya saa mbili usiku. Andika salio la data kabla na baada ya saa moja ya kucheza, upate gharama yako halisi.

3. Weka kikumbusho cha tarehe. Kipindi cha bure kikiisha, huduma nyingi huanza kukata pesa zenyewe kila mwezi. Ghairi siku mbili kabla, usingoje saa za mwisho. Kufuta programu kwenye simu hakughairi malipo.

4. Hesabu bei kwa shilingi. Ada ya dola hubadilika na kiwango cha ubadilishaji, na VAT ya asilimia 16 inaweza kuongezwa. Zile shilingi 1,290 zikiongezwa VAT zinakaribia 1,500, kabla ya ada yoyote ya kubadilisha pesa.

5. Tumia kadi ya mtandaoni uliyoiunganisha na pesa za simu, na uijaze kiasi unachohitaji tu. Ikiwa unaweza kuiwekea kikomo, kiweke. Salio la kodi ya nyumba lisikae mahali ambapo gemu inaweza kulifikia.

6. Tunza risiti na usifunge njia ya malipo haraka. Pesa inayorejeshwa kwa kawaida hupitia njia ile ile iliyotumika kulipa. Ukiwa umeifunga kadi hiyo, kufuatilia kunakuwa kazi.

7. PIN haihusiki na gemu. PIN ya pesa za simu unaiweka wewe mwenyewe kwenye simu yako unapoidhinisha malipo. Mtu akikupigia akisema umeshinda miezi mitatu ya gemu na anahitaji PIN au nambari uliyotumiwa kwa ujumbe, huyo ni mwizi. Kata simu.

8. Kama simu ni ya mzazi na mchezaji ni mtoto, kubalianeni kiasi cha mwezi mapema. Ada ni moja, data ni nyingine, na vitu vinavyouzwa ndani ya gemu ni vya tatu. Mtoto anaweza asijue tofauti, lakini salio litaijua.

Kwa anayeishi na WiFi nzuri, anayependa gemu za taratibu na anayetaka kuonja kabla ya kununua mashine, mwezi mmoja wa wingu unaweza kuwa matumizi mazuri ya pesa. Kwa anayetegemea bando la simu na anayependa mpira wa kasi, gemu za kupakua bado zinampa raha zaidi kwa kila shilingi. Na kibanda cha PS cha mtaani bado kina faida moja ambayo wingu halijaipata: mashine iko mita mbili kutoka ulipoketi.